Gari Lililoandikwa Jina Lako

Karakanani, Jumatano jioni

Kwako kaka yangu,

Salamu nakupa, kwa kuwa marehemu Mama alitufundisha kwamba hata mtu aliyekuudhi huanzwa kwa salamu, ndipo mengine yafuate. Basi, hujambo? Wifi yangu hajambo? Na watoto, wale wawili wanaomjua shangazi yao kwa picha kama wanavyomjua twiga, wanaendeleaje na masomo? Kifua chako kimetulia, au kazi ya kupima viwanja vya watu bado inakulisha vumbi? Ukitaka kujua hali yetu huku, Baba mgongo unamsumbua asubuhi, ila akishapata chai husimama wima. Mimi ni mzima wa mwili. Salamu zimekwisha.

Sasa niambie, kaka. Ulipungukiwa na nini hata ukaja nyumbani kwenu kama mwizi?

Jana nilitoka saa mbili asubuhi kupeleka kichwa cha injini ya lori la mteja kikasawazishwe kwenye mashine, upande wa pili wa mji. Narudi saa saba, jua la utosi, nakuta mlango wa kibanda uko wazi, bawa moja limezuiwa na tofali. Ndani, pale lilipokaa gari letu, Mwewe, miaka yote hiyo, kuna trei ya oili, alama nne za tairi, na turubai limekunjwa mara nne, pembe kwa pembe. Lile turubai ndilo lililonichoma zaidi. Mwizi hakunji turubai. Anayekunja turubai namna ile ni mtu aliyefundishwa na baba yetu.

Baba alikuwa amekaa juu ya kreti la soda, vifungo vya shati vimepishana, anatazama sakafu. Nikamuuliza Mwewe yuko wapi. Akasema, "Kaka yako alikuja na watu." Nilidhani utani, unamjua Baba na utani wake mkavu. Nikamuuliza watu gani. "Watu wa lori." Ndipo akanieleza kwamba ulifika saa nne, hukuvua viatu, hukukaa, ukamwamkia kama unavyomwamkia mzee wa mtaani, ukamwambia umeliuza gari na umekuja kulichukua. Naye akanyanyuka, akaenda kwenye msumari nyuma ya mlango, akakupa ufunguo.

Nikapiga kelele, kaka. Nimefika umri huu sijawahi kumpandishia Baba sauti, lakini jana nilimpandishia mpaka fundi wa viti, jirani yetu, akatoka na mkasi mkononi kuja kutazama nani anachinjwa. Nilimuuliza Baba kwa nini ametoa ufunguo. Akanijibu taratibu kwamba mtoto aliyemfukuza yeye mwenyewe amerudi baada ya miaka yote hii, ameomba kitu kimoja tu, na kitu chenyewe kina jina lake. Amnyime kwa sababu gani?

Kina jina lako. Hilo nalijua, usinikumbushe. Kadi ya gari ina jina lako tangu Baba alipokuandikishia ulipokuwa na miaka kumi na minane, na sheria iko upande wako kutwa kucha. Lakini niambie, sheria ndiyo iliyobadilisha oili? Sheria ndiyo iliyolala chini ya lile gari mwezi mzima na tochi mdomoni, ikitafuta uvujaji ambao kila fundi wa mji huu alisema haupo? Kadi ilikaa kwako. Gari lilikaa kwangu. Mtu akiniuliza ni la nani, nilikuwa namwonyesha viganja.

Na nijuavyo mimi, hukulitafutia mnunuzi. Mnunuzi ndiye aliyekutafuta. Yule bwana alianza kuja hapa mwaka jana, sisi tunamwita Bwana Miwani, kwa maana ana miwani miwili, mmoja machoni na mwingine juu ya kipara. Mara ya kwanza nilimpa kiti. Mara ya pili nilimwambia haliuzwi hata akija na gunia. Mara ya tatu nilimwambia akirudi nitamfunga kwenye jeki nimwinue aone mji. Hakurudi. Nikajisifu kwamba nimemweza. Kumbe, na fundi wa viti jana alilitambua lori lake, amekwenda kupekua jina kwenye daftari la usajili, akalikuta lako, akakufuata huko huko. Na wewe ukaona sawa. Hukunipigia simu. Hukuniandikia mstari mmoja. Ukangoja nitoke.

Najua unasema moyoni: gari tu. Chuma chakavu cha Kijapani, milango miwili, viti vya nyuma havimtoshi hata mbuzi. Ungekuwepo ungeona. Ungemwona mkunga mstaafu wa mtaa wa pili, mwanamke wa miaka sabini na ushee aliyewapokea nusu ya vijana wa hapa, anayekuja kila Ijumaa na fimbo yake kuniomba nimwashie tu, asikilize, aende zake. Ungewaona vijana waliozaliwa gari limeshafikisha miaka kumi, wanaweza kukutajia kipenyo cha pistoni zake kama wanavyotaja majina ya ndugu zao. Jamaa mmoja alisafiri siku nzima akaja kusimama mbele ya boneti iliyofunguliwa. Hakugusa kitu. Akasema, "Nashukuru, mama fundi," akaondoka.

Wanakuja kwa sababu gari lile halidanganyi. Magari ya siku hizi ukifungua boneti unakuta kifuniko cha plastiki, kama mwenye nyumba aliyekufungulia mlango kisha akajisimamisha kizingitini. Mwewe ukimfungua unaona kila kitu. Bloku ya chuma cha kusubu, nzito, haina maringo. Silinda sita zimejipanga mstari mmoja. Na turbo zake mbili za kuisukumia injini hewa, kaka, unazikumbuka? Ya kwanza huamka mapema, unaisikia ikipiga mluzi mwembamba. Kisha mshale wa mizunguko ya injini unafika elfu nne, kunakuwa na kimya kidogo, kama mtu anayevuta pumzi kabla ya kusema neno zito, halafu ya pili inafunguka, na mgongo wako unaujua ule mkono unaokusukuma kitini. Wahandisi waliolitengeneza wamezeeka sasa, wengine hawapo, lakini nguvu waliyoiweka mle bado inamnyanyua mtu nywele za shingo. Unataka niliite chuma chakavu?

Umenitia hasira, kaka. Leo nimeshindwa kufunga hata plagi, mteja kaniambia nikapumzike. Wewe uliondoka ukatuachia Baba, ukatuachia Mama na ugonjwa wake, ukatuachia paa linalovuja na kazi isiyoisha. Kwenye msiba wa Mama ulisimama upande wa pili wa kaburi kama mtu aliyekosea njia, ukaondoka watu hawajatawanyika. Nikasema sawa, ana uchungu wake. Lakini kuja kuchukua kitu kimoja kinachomtoa Baba kitandani asubuhi? Una moyo gani? Jiwe lina

*

Jumamosi asubuhi

Kaka, hapo juu kalamu ilinikatikia Jumatano, wino uliisha kabla matusi hayajaisha. Nimeyasoma tena leo. Nilitaka kuyachana nikuandikie upya, barua safi ya mtu mwenye adabu. Nimeyaacha. Uone nilikuwa mtu wa namna gani siku ile, nikiwa najua ninachokijua.

Alhamisi nilikwenda kwa Bwana Miwani. Nilivaa ovaroli ile ile ya kazi, nikatia mfukoni spana namba kumi na saba, sijui ya nini, labda ya kumpasulia mmoja wa miwani yake. Ana bohari kubwa nje ya mji, sakafu imepakwa rangi ya kijivu, hakuna tone la oili, magari kama kumi na mawili yamefunikwa shuka nyeupe kama wagonjwa wodini. Mwewe alikuwa karibu na mlango, bado hajafunikwa.

Nilimwambia yule bwana yote yaliyokuwa kifuani. Nilimwambia amenunua kitu cha mzee aliye hai bila kumtazama mzee machoni. Nilimwambia yeye na wewe ni kisu na mpini. Akanisikiliza mpaka mwisho, akaniletea maji, akavuta kiti. Alikuwa na subira, na subira yake ilizidi kuniudhi. Kisha akaniambia kwamba wewe hukubishana naye hata kidogo. Alijiandaa kwa mabishano, akakuta mtu anayetaka jambo moja: gari liende mbali, nchi nyingine kabisa, mahali ambapo hutalisikia kwa bahati mbaya ukiwa barabarani na watoto wako.

Akaniambia lilipoteremshwa pale Jumanne uliomba uachwe nalo peke yako. Akakuona kwa mbali umeingia. Hukukaa kwenye usukani. Ulikaa kiti cha pembeni, ukaweka mikono juu ya magoti, ukakaa hivyo muda mrefu. Ulipotoka ukamwambia maneno haya, na yeye akanisimulia kwa furaha, maana gari lenye kisa huwavutia wanunuzi kuliko gari lisilo nacho: "Hili gari lilinitoa nyumbani kwa kosa la mtu mwingine."

Kosa la mtu mwingine. Hukusema la nani.

Kaka, nilikuwa nimeshika bilauri ya maji. Niliiweka chini polepole kama vile ina petroli. Hasira yote niliyokuja nayo ilinigeukia, ikanitazama usoni. Sikumwambia tena neno la vita yule bwana. Nilimweleza tu kwamba akiliendesha asilizime ghafla, aliache lingurume dakika mbili kwanza ili turbo zipoe, la sivyo oili itaungua ndani. Akaandika kwenye karatasi. Nikatoka.

Sasa nakuandikia nilichopaswa kukuambia nikiwa na miaka kumi na mitano. Usiisimamishe barua hapa. Nisomee mpaka mwisho, kisha unitukane unavyotaka.

Ile Jumapili, Baba alikuwa amekwenda kumjulia hali rafiki yake wa kiwandani, Mama alikuwa kwa jirani. Wewe ulikuwa umetoka mpirani, umelala kwenye kochi, mdomo wazi, soksi moja mguuni. Suruali yako ilikuwa imetundikwa nyuma ya mlango, na ufunguo ulikuwa mfukoni, maana Baba alikuwa amekuruhusu wiki ile uwe unaliwasha asubuhi kulipasha moto. Wewe peke yako. Mimi niliyekuwa nimelala chini ya lile gari miaka mitano, tangu lilipoletwa limepondeka pua kutoka kwenye yadi ya magari ya ajali, nikimpa Baba spana kabla hajataja namba, mpaka akanipa jina la Spana, mimi niliambiwa nikae pembeni nisichafue viti.

Nilichukua ufunguo. Ningekuambia nilitaka kuzunguka ua tu, lakini nimechoka kudanganya. Nilitaka kuisikia turbo ya pili. Baba alikuwa akisimulia jinsi inavyofunguka, na wewe ulikuwa umeisikia, mimi sikuwa nimeisikia. Nililitoa, nikapita nyuma ya kituo cha pampu za maji, ile barabara iliyonyooka isiyo na watu. Nikabadilisha gia kama nilivyomwona Baba akibadilisha. Ya kwanza ikapiga mluzi. Nikaendelea kukanyaga. Kikaja kile kimya. Halafu ikafunguka, kaka, nikacheka kwa sauti peke yangu ndani ya gari, nilicheka kama mwendawazimu, sijawahi kufurahi vile tangu nizaliwe, na nilikuwa bado nacheka kona ilipofika.

Nikaupiga ukuta wa stoo ya pampu. Si kwa nguvu ya kuniua, kwa nguvu ya kukunja boneti na kupasua rejeta. Niliuma mdomo ukachanika ndani. Nikalirudisha nyumbani likitoa mvuke, nikalisukumiza kibandani, nikalifunika turubai. Nikaurudisha ufunguo mfukoni mwako. Ulikuwa bado umelala, umegeuka upande tu. Nikanawa uso, nikakaa chini nikaanza kukunja nguo zilizokauka. Mama aliporudi akanisifu kwamba leo nimekuwa na akili.

Mengine unayajua. Mpita njia alimwambia Baba ameliona gari likikimbizwa, bila shaka ni kijana wake. Baba akafunua turubai. Akakuamsha. Akakuuliza mara tatu, nawe ukasema mara tatu, "Si mimi." Akakuuliza ufunguo ulikuwa mfukoni mwa nani. Ukasema, "Mwangu." Akasema, "Njia ya mwongo ni fupi, na ya kwako imeishia mlangoni hapa." Ukatia nguo kwenye ule mfuko wako wa mpira. Ulipopita uliniwekea mkono kichwani, ukaniambia nimwangalie Mama. Nami nilikuwa nimesimama pale na taulo mkononi, mdomo umevimba, nikakuitikia, "Ndiyo, kaka."

Siku ile niliogopa. Wiki iliyofuata niliogopa zaidi. Mwezi ulipopita nikasema atarudi, nitamwambia. Mwaka ulipopita nikaona nikisema sasa nitawavunja wote. Baadaye, na hili ndilo linaloniaibisha zaidi, haikuwa woga tena. Baba alikosa mtu wa kumfundisha kazi, akanifundisha mimi. Tulilinyoosha gari pamoja, tukabadili rejeta, tukalipaka rangi upya, akanionyesha kukereza bushi, kusikiliza injini kwa kijiti cha mbao sikioni, vyote alivyokuwa amekuwekea wewe. Karakana hii ilikuwa iwe yako. Kila nati niliyoikaza niliikaza nikiwa kwenye nafasi yako, na nilipenda kuwa pale. Nilinyamaza kwa sababu kunyamaza kulikuwa kunanilisha.

Mama alipokuwa anakaribia kuondoka alikuulizia. Nikamwambia uko njiani. Hukuwa njiani, sikuwa nimekupigia bado, niliogopa ukija mtakaa mzungumze. Nilikupigia ilipokuwa imeshachelewa. Hili sijamwambia mtu.

Watu husema njia ya mwongo ni fupi. Mimi nimeitembea miaka ishirini na miwili, na ningekuwa bado naitembea kama si wewe kuja kulichukua lile gari.

Alhamisi ile ile, nimetoka kwa Bwana Miwani, nilikwenda moja kwa moja kwa Baba. Alikuwa kwenye mashine ya kukerezea, anapunguza bushi ya mteja, vipande vya chuma vinamrukia kwenye ovaroli. Nilimwambia nikiwa nimesimama. Akazima mashine. Ikachukua muda kutulia, unaijua ile mashine. Akaniuliza nilikuwa na miaka mingapi. Nikamwambia kumi na mitano. Akauliza na sasa. Nikamwambia thelathini na saba. Akatikisa kichwa kama mtu anayepima kitu kisichotoshana.

Kisha akaniuliza kwa nini sikusema. Na hapo, Mungu anisamehe, badala ya kulia nikawaka. Nikamwambia, "Hukuniuliza, Baba! Ulimuuliza yeye mara tatu. Ukamsikiliza mpita njia. Mimi nilikuwa mbele yako, mdomo umevimba kama nimeng'atwa na nyuki, ukaniambia nikakuletee maji ya kunywa." Tulikuwa wanne nyumba nzima, kaka. Baba mwenyewe hakuwepo, Mama hakujua hata kufungua mlango wa gari. Hesabu ya mtoto wa darasa la kwanza. Hakuifanya, kwa sababu haikumwingia akilini kwamba msichana angeweza kulitoa gari lile, kulifikisha elfu nne na kulirudisha. Kutoshukiwa ndiko kulikoniokoa, na ndiko kulikonidhalilisha, na miaka yote hii sijui nimchukie kwa lipi.

Na wewe je? Hesabu hiyo uliifanya? Tangu Alhamisi nalala na swali hilo, naamka nalo. Kama hukujua, basi umebeba mzigo bila kumjua mwenyewe. Kama ulijua, na ukanyamaza, na ukaniwekea mkono kichwani ukijua, basi mimi sijui niuweke wapi uso wangu. Nakasirika hata juu ya hilo. Ungenitaja! Ungesema ni Spana, ningekataa, ungenipiga kofi, Baba angetupiga sote wawili, Jumatatu tungeamka tukanyoosha bodi. Kwa nini hukunitaja?

Baba alifuta mikono, akatoka, akaenda kunywa chai kwa fundi wa viti. Jana kutwa hatukusemezana. Alijipikia mwenyewe, akaniachia sufuria bila kuniita. Sikulalamika. Nimepewa siku mbili za kile ulichopewa wewe miaka ishirini na miwili, na siku mbili zimenitosha kujua uzito wake.

Leo asubuhi, ndiyo maana nimeshika kalamu mapema hivi, ameingia hapa karakanani amevaa shati la kutokea, vifungo sawasawa. Ameniuliza basi la kwenda kwenu huondoka saa ngapi. Nimemwambia kesho saa kumi na mbili. Nikamwambia angoje kidogo, kuna barua nakuandikia, niitie posta ikufikie kwanza ujiandae. Amekataa. Amesema, "Barua nipe mimi. Nikianza kusema mwenyewe nitaharibu, nitajikuta namfundisha tena. Asome kwanza, mimi nitangoja." Nikamwonya kwamba mwanzo wake una maneno mabaya juu yako. Akasema hata yeye alianza na maneno mabaya.

Kwa hiyo, kaka, mzee uliyemwacha barazani akikungoja umalize kusoma anajua yote yaliyoandikwa hapa, isipokuwa lile la Mama. Hilo nitamwambia atakaporudi.

Gari usihangaike kulirudisha. Nilidhani ndilo ninalolililia, na bado litaniuma kila Ijumaa yule mkunga akija na fimbo yake nimwambie halipo. Lakini lilikuwa lako, na ulikuwa na haki ya kutotaka kulisikia. Lisafiri. Huko liendako litapata tu watu wa kusimama mbele ya boneti bila kusema neno. Magari ya namna ile hayakosi watu.

Sikuombi unisamehe kwenye karatasi. Ukitaka kuja kunitukana, njoo, nitafunga kazi siku hiyo nikusikilize. Ukitaka kutokuja kamwe, sitatuma mtu. Bado nina hasira nawe kwa kuja nikiwa sipo, na hiyo nayo nitakuambia usoni siku Mungu akitukutanisha, kwa sababu nimechoka kuwa mtu mwenye maneno yaliyobaki tumboni.

Baba atakuambia anapita tu, ana shughuli huko. Usimwamini, hana shughuli yoyote, amefunga nguo za wiki nzima na dawa ya mgongo. Kama utamfukuza, una haki yako, ila mfukuze wewe mwenyewe, usimtume wifi wala mtoto. Na kabla hujaamua lolote, mpe kiti cha mbao chenye mgongo ulionyooka, maana safari ni ya saa tisa na kochi humwumiza.

Msalimie wifi yangu, umwombe radhi kwa kumletea mambo mazito nyumbani kwake bila hodi. Wabusu watoto. Waambie aliyekuja ni babu yao, na kwamba akiulizwa jinsi injini inavyofanya kazi hachoki kueleza.

Ni mimi niliyeligonga,
dada yako mdogo,
Spana